Mwite mtaalamu kabla mgonjwa hajashuka mezani: msaada wa mbali kwenye CT scan

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania sasa zina CT scan, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi. Mashine zimetangulia, wataalamu bado wanafuata. Daktari bingwa wa radiolojia, yaani msomaji wa picha hizo, husoma udaktari miaka 5, hufanya mazoezi kazini mwaka 1, kisha ubingwa miaka 3, na akihitimu mara nyingi hubaki kwenye miji mikubwa. Ndiyo maana picha hutumwa zikasomwe mbali. Hilo limezoeleka. Linalosahaulika ni kwamba hata upande wa upigaji kuna upungufu: mtaalamu wa mionzi aliye zamu peke yake usiku anamhitaji mwenzake mzoefu dakika ileile, maana picha iliyopigwa vibaya haiokolewi na bingwa yeyote.

Kiufundi si jambo gumu. Kifaa kidogo huunganishwa na kompyuta ya kuendeshea mashine na kupeleka kile kilicho kwenye skrini hadi kwa mtaalamu, kwa njia ya mtandao iliyosimbwa. Huongezwa kamera inayoangalia meza na simu yenye spika. Aliye mbali huona mipangilio na kushauri. Kwenye baadhi ya mifumo hubadilisha mwenyewe. Lakini kuhakikisha mgonjwa ni yule yule, kuuliza ujauzito, kuchoma kontrasti (dawa inayong'arisha mishipa na viungo kwenye picha) na kuruhusu mionzi ni kazi ya aliye chumbani. Adrenalini nayo iwe mkononi mwake: kwa mtu mzima aliyepata mzio mkali wa kontrasti, miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja. Hiyo haitolewi kwa simu.

Tuchukue kipimo kinachoharibika mara kwa mara, cha kutafuta damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu. Kontrasti inatakiwa iingie kwa kasi ya mililita 4 hivi kwa sekunde. Kanula (mrija wa mshipani) ya bluu, ambayo ni nyembamba, nyuma ya kiganja haifai. Inatakiwa iliyo pana zaidi, ya pinki au ya kijani, kwenye kiwiko, ikiwezekana mkono wa kulia. Mashine huanza kupiga picha pale kontrasti inapofikisha HU 100 hadi 150 (HU ni kipimo cha weupe kwenye picha za CT) kwenye ateri kuu ya mapafu. Hapo ndipo kosa dogo huingia: mgonjwa anaambiwa "vuta pumzi ndefu, bana". Pumzi ndefu hunyonya damu isiyo na kontrasti kutoka tumboni na miguuni, ikaingia moyoni na kuizimua kontrasti sekunde ileile ya kupiga. Picha hutoka na mishipa hafifu, ikafanana na ugonjwa au ikauficha. Mtaalamu wa mbali akiwa kwenye simu atasema: pumzi ya kawaida tu, na mfanyisheni mazoezi kwanza.

Ini nalo lina yake. Uvimbe wa saratani ya ini mara nyingi hung'aa sekunde 35 hivi baada ya kontrasti, kisha hufifia kwenye picha za baadaye. Ukipigwa kwa sekunde 70 peke yake, unaweza kupita bila kuonekana, na mgonjwa atarudishwa kuchomwa upya.

Kwa usomaji, tuma mafaili halisi ya DICOM, yaani picha kama zilivyotoka kwenye mashine. Kupiga filamu picha kwa simu na kuituma WhatsApp kunaweza kusaidia kuomba ushauri wa haraka, lakini si kutoa ripoti. Damu nyembamba iliyolala kando ya fuvu humezwa na weupe wa mfupa kwenye dirisha la ubongo (mpangilio wa weupe na weusi wa kuangalia ubongo) lenye upana wa HU 80. Msomaji hupanua hadi 200 hivi ndipo aione. Kwenye picha ya simu hakuna cha kupanua.

Pigeni hesabu ya mtandao kabla ya kusaini mkataba. Kipande kimoja cha CT ni takriban MB 0.5, hivyo vipande 1,000 ni MB 500. Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 4 (megabiti 4, yaani MB 0.5, kwa sekunde), hiyo ni kama dakika 17, mtandao usipokatika. Angalieni kasi ya kupakia. Wauzaji hupenda kutaja ya kupakua.

Makosa mengine hayana teknolojia ndani yake. "Asha Juma" leo na "Juma Asha" kesho ni wagonjwa wawili kwa kompyuta, kwa hiyo namba ya faili itangulie jina. Fomu iliyoandikwa "CT kichwa" pekee humnyima msomaji kila kitu: andika umri, kilichotokea na saa, upasuaji wa nyuma, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kama kuna kontrasti, na swali unalotaka lijibiwe. Majibu ya hatari yapigiwe simu, na anayepokea ayarudie kwa sauti. PDF pekee inaweza kulala hadi asubuhi. Mkataba utaje nani hupokea simu usiku, na nani anawajibika kwa taarifa za mgonjwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kali, inahitaji tahadhari zaidi. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukisukumwa kuelekea mlangoni, aliye mbali hawezi kuuzuia, kwa hiyo mafunzo ya usalama wa sumaku yatangulie kamera. Ultrasound ndiyo inayonufaika kidogo kuliko vipimo vingine kwa picha za kutumwa: kisichopitiwa na probu (kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi) hakimo kwenye picha. Hapo msaada wa maana ni video ya moja kwa moja, mtaalamu akiona skrini pamoja na mkono wa anayepima.