Mafuta ndani ya msuli: MRI inayapimaje, na namba ile inamaanisha nini?

Ripoti za MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili kinachotumia sumaku) za paja, bega au mgongo siku hizi huweza kuja na namba kama hii: "mafuta ndani ya msuli, asilimia 20". Anayeisoma kwa mara ya kwanza hudhani ameambiwa kuwa ni mnene. Mara nyingi sivyo.

Mafuta yanafikaje ndani ya msuli? Si hukaa chini ya ngozi?

Hukaa kote kuwili. Yale ya chini ya ngozi unaweza kuyafinya kwa vidole. Mengine hujipenyeza kati ya msuli na msuli, na katikati ya vifungu vya nyuzi za msuli wenyewe. Tena yapo matone madogo mno ndani ya kila uzi, ambayo ni akiba ya nishati.

Kundi la katikati ndilo linalowashughulisha madaktari. Msuli usipotumika kwa muda mrefu, neva yake ikiumia, kano yake ikichanika au umri ukisonga, mafuta huanza kuingia. Katika maradhi ya kurithi ya misuli kama Duchenne, nyuzi hufa kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuzitengeneza, na nafasi zao huchukuliwa na mafuta pamoja na tishu za kovu. Ndiyo maana mtoto mwenye Duchenne huweza kuwa na vigimbi vikubwa, vilivyojaa, na bado akashindwa kupanda ngazi. Futi ya kupimia mzunguko wa mguu itasema msuli umekua, kumbe kilichokua si msuli.

MRI inajuaje kipi ni mafuta na kipi ni maji?

MRI husikiliza protoni, yaani viini, za haidrojeni, na haidrojeni imo katika maji na katika mafuta pia. Ndani ya sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), protoni hizo huzunguka kama mara milioni 64 kwa sekunde. Zilizo kwenye mafuta huzunguka polepole kidogo kuliko zilizo kwenye maji: tofauti ni kama mizunguko 220 tu kwa sekunde. Ni tofauti ndogo sana, ila kipimo chote kimesimama juu yake.

Chukulia maji na mafuta kama wakimbiaji wawili kwenye uwanja wa duara. Wanaanza pamoja, mmoja ana kasi zaidi kidogo. Baada ya muda wako pande mbili zinazotazamana, kisha yule mwenye kasi anamfikia mwenzake na wanakuwa sambamba tena. Katika sumaku hiyo ya tesla 1.5, maji na mafuta hutazamana baada ya milisekunde 2.3 hivi na kukutana baada ya milisekunde 4.6. Mashine hupiga picha katika nyakati hizo mbili. Wakiwa pamoja, sauti zao hujumlishwa. Wakiwa wanatazamana, moja hutolewa kwenye nyingine.

Tuseme nukta moja ya picha imetoa 100 kwenye jumla na 60 kwenye tofauti. Hapo maji ni 80 na mafuta ni 20, kwa hiyo asilimia ya mafuta ni 20. Wazo hilo lilichapishwa na Thomas Dixon mwaka 1984, na mpaka leo mbinu hiyo inaitwa Dixon.

Hesabu hiyo ina mtego. Picha mbili peke yake hazikuambii nani kati ya wawili ndiye mkubwa: 80 kwa 20 na 20 kwa 80 hutoa majibu yaleyale. Sumaku nayo haina nguvu sawasawa kila mahali. Kwa sababu hizo mashine za sasa huchukua picha zaidi, mara nyingi sita, na programu huzingatia pia kwamba mafuta hayana sauti moja bali kadhaa.

Nani anaamua msuli unaanzia wapi na kuishia wapi?

Hapa ndipo namba inapoharibika, na ni sehemu ambayo wagonjwa hawaambiwi. Kwenye picha ya mafuta pekee, paja lililokatwa kwa upana huonekana kama pete nyeupe ya mafuta ya ngozi, na katikati doa jeupe la uboho wa mfupa. Kati ya hivyo viwili ni misuli, myeusi, yenye michirizi myembamba myeupe. Mtu anakaa mbele ya kompyuta na kuchora mpaka wa kila msuli, kipande baada ya kipande. Mstari ukiteleza nukta chache tu ukagusa ile pete nyeupe, asilimia inapanda bila msuli kubadilika hata kidogo. Siku hizi programu huchora zenyewe, lakini mtu mwenye jicho zuri bado anapaswa kuzikagua.

Urefu nao una maneno yake. Mafuta hayajasambaa sawasawa kutoka nyonga hadi goti, kwa hiyo kipimo cha katikati ya paja hakilinganishwi na cha karibu na goti.

Asilimia ngapi ni ya kawaida?

Msuli wa paja wa kijana mwenye afya huwa na asilimia ya tarakimu moja tu, yaani chini ya 10. Misuli ya mgongo wa chini huwa na zaidi, hasa umri ukienda. Hakuna mstari mmoja unaowafaa watu wote na misuli yote, na anayekupa namba moja bila kukuuliza ni msuli gani usimwamini haraka.

Kwa bega, madaktari wengi wa upasuaji hutumia madaraja ya Goutallier ya mwaka 1994, yaliyoanza na picha za CT (skani ya eksirei): 0 hakuna mafuta, 1 michirizi kidogo, 2 msuli bado ni mwingi kuliko mafuta, 3 vimelingana, 4 mafuta yamezidi. Daraja likiwa juu, kano iliyoshonwa ina nafasi ndogo ya kushika vizuri. Kwa uamuzi wa upasuaji, kukadiria hivyo kwa macho kunafaa. Kwa kufuatilia ugonjwa mwaka hadi mwaka, naona hakutoshi: msuli unaweza kuharibika sana ukiwa bado ndani ya daraja lilelile.

Kwa Duchenne ufuatiliaji huo ndio kazi yenyewe. Misuli ya mbele ya paja hujaa mafuta mapema, wakati ule mwembamba mrefu unaokatiza kutoka nyonga hadi upande wa ndani wa goti hubaki mzima kwa muda. Kipimo cha nguvu, cha kumwambia mtoto "sukuma kwa nguvu", kinategemea amelala vizuri au amenuna. Picha haijali.

Kuna mionzi au sindano?

Hakuna mionzi kama ya eksirei, na sindano ya dawa ya kung'arisha picha haihitajiki kwa kupima mafuta. Ila mtajie mapema mhudumu kama una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, vibanio vya mishipa ya ubongo, au chembe za chuma machoni. Mashine ina kelele. Utapewa vizibo vya masikio. Chuma cha nyonga bandia huharibu picha ya misuli iliyo karibu nacho.

Mafuta hayo yanaweza kuondoka?

Inategemea yameletwa na nini. Msuli uliolegea kwa kutotumika hupata nguvu kwa mazoezi ya uzito, hata kama asilimia ya mafuta haishuki sana. Nyuzi zilizokufa kwa Duchenne hazirudi, na mazoezi makali yanaweza kuumiza zilizobaki, kwa hiyo mpango wa mazoezi upangwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

Na yale matone ya ndani ya uzi? Hayo hupimwa kwa spektroskopia (kipimo cha mashine hiyohiyo kinachotenganisha sauti za kemikali badala ya kutoa picha), vizuri zaidi kwenye msuli wa mbele ya muundi ambao nyuzi zake zimenyooka. Wakimbiaji wa masafa marefu wanayo mengi, na wako wazima.

Nimepimwa mara mbili na namba hazilingani. Niamini ipi?

Uliza kwanza kama ni msuli uleule, urefu uleule na mbinu ileile. Kisha omba picha ziangaliwe. Wakati mwingine programu hubadilisha maji na mafuta mahali, na msuli mzima ukaandikiwa asilimia 95. Kosa hilo huonekana mara moja kwa macho, lakini kwenye jedwali la namba linapita. Kipimo cha tatu kikihitajika, kifanyike kwenye mashine ya mojawapo ya vile viwili, kwa mpangilio uleule, na uende na picha zako za awali.