Nyota tano hazipimi tiba: dhana potofu kuhusu ubora wa tiba mtandao katika hospitali za umma

Dhana: Mgonjwa akitoa nyota tano, ametibiwa vizuri.
Nyota anazotoa mgonjwa baada ya kuhudumiwa kwa simu au intaneti hupima kauli ya daktari na wepesi wa programu. Mgonjwa hawezi kujua kama amoksilini aliyoandikiwa ilihitajika kweli. Tena anayeombwa maoni ni aliyefika mwisho wa mazungumzo. Aliyekatikiwa na mtandao haulizwi. Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa ubora wa huduma za afya, alishaonyesha mwaka 1966 kwamba ubora hutazamwa pande tatu: nyenzo zilizopo, namna mgonjwa anavyohudumiwa, na matokeo.

Basi pitieni mafaili. Kila mwezi chagueni 30 kwa bahati nasibu, madaktari wawili wayasome kila mmoja peke yake, kwa fomu moja: dalili za hatari ziliulizwa? Mzio? Dawa anazotumia sasa? Uzito, kama ni mtoto? Aliambiwa arudi lini, na akiona nini akimbilie hospitali? Alama zao zikipishana sana, mara nyingi maswali ya fomu ndiyo hayaeleweki. Yarekebisheni kabla ya kumlaumu mtu.

Dhana: Wastani wa muda wa kusubiri unatosha.
Tuseme wagonjwa 8 walisubiri dakika 5 na 2 wakasubiri saa 4. Wastani ni dakika 52, muda ambao hakuna hata mmoja aliyeusubiri. Andikeni muda wa mgonjwa wa katikati (dakika 5), na muda ambao wagonjwa 9 kati ya 10 walikuwa wamehudumiwa (dakika 240). Saa ianze mgonjwa anapotuma ombi. Ikianza daktari anapofungua ombi, foleni yote inafutika kwenye ripoti, na hili ndilo kosa linaloumiza zaidi.

Dhana: Wakiitwa wachache kuja hospitali, huduma imefanikiwa.
Maumivu ya kifua hayapapaswi kwa simu. China, katika kanuni zake za 2018, ilizuia utambuzi wa mara ya kwanza kufanyika mtandaoni. Ikaruhusu ufuatiliaji wa magonjwa ya kawaida na sugu. Hesabuni badala yake waliohudumiwa mtandaoni kisha wakafika kitengo cha dharura ndani ya siku 7 kwa tatizo lilelile. Hapo namba ya faili lazima iwe moja pande zote mbili, la sivyo hamtawaona.

Dhana: Idadi kubwa ya waliohudumiwa ni ubora.
Gawanyeni kwa walioomba. Kisha tenganisheni kwa umri, umbali na aina ya simu: asiye na simu janja hata kwenye orodha ya walioomba hayumo, kwa hiyo mtafuteni kliniki, ana kwa ana.