Jinsi kiini cha seli ya hamira kinavyosogezwa

Hamira inayoumua mkate, Saccharomyces cerevisiae, huzaliana kwa kuchipua. Ubavuni mwa seli mama hutokeza kinundu, kikakua, na mwishowe kikakatika kuwa seli inayojitegemea. Ugumu uko hapa: shingo kati ya mama na chipukizi hujengwa mapema, kabla kromosomu hazijatenganishwa, wala haihami. Seli za wanyama hujikata kwa kufuata mahali kromosomu zilipoachana. Hamira haina hiari hiyo. Kiini ndicho kinachopaswa kuifuata shingo, tena kikiwa kizima, kwa sababu utando wake hauvunjiki wakati wa mgawanyiko.

Kiini hakijisogezi, huvutwa. Kamba zake ni mikrotubuli, yaani mirija ya protini ya tubulini yenye kipenyo cha nanomita 25 hivi. Ncha moja ya mrija imeshikizwa kwenye kiini, katika kituo kilichopachikwa ndani ya utando wake. Ncha ya pili iko huru na haitulii: hurefuka, hufupika, hurefuka tena, hadi iguse kitu. Wavutaji ni protini za mota, molekuli zinazotumia nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, kupiga hatua.

Kwanza kiini hupelekwa hadi shingoni. Protini iitwayo Kar9 huunganisha ncha huru ya mrija na mota ya miosini, nayo miosini hutembea juu ya nyuzi za protini ya aktini kuelekea kwenye chipukizi, ikiburuta ncha hiyo.

Kukipitisha shingoni ni kazi ya mota nyingine, daineni, na hapa ndipo penye ufundi hasa. Daineni husafiri kwenye ncha huru ya mrija bila kuvuta chochote. Ncha ikigusa ukuta wa ndani wa chipukizi, protini ya Num1 iliyoko pale huinasa daineni na kuitia nanga. Sasa inaanza kutembea, na mwelekeo wake daima ni ule wa kwenye kiini. Lakini imefungwa, haiwezi kwenda popote. Kila hatua, ya nanomita 8 hivi, inausogeza mrija badala ya mota. Kwa darubini, mrija uliotiwa rangi ing'aayo huonekana ukiteleza kando ya utando wa chipukizi huku kiini kikija nyuma yake, kimebanwa kiuno shingoni.

Njia hizi mbili husaidiana. Seli iliyokosa Kar9 huishi, iliyokosa daineni huishi pia. Ikizikosa zote mbili hufa.

Bila daineni, mara nyingine kromosomu hutenganishwa zote zikiwa bado ndani ya mama. Seli ikijikata wakati huo, mmoja atabaki na viini viwili na mwingine hana hata kimoja. Kwa hiyo hungoja: kuna protini zinazozuia mgawanyiko usikamilike hadi upande mmoja wa kiini uingie kwenye chipukizi.