Ushairi wa Kiswahili: Yasemwayo na Yalivyo

"Mashairi ni mapenzi na mawaidha." Asemaye hivi hajamsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Mapenzi aliyatungia, ndiyo, lakini aliwachoma pia mahasimu wa Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, ukoo huo ulipokuwa ukivutana na Seyyid Said wa Oman juu ya mji wao. Mwana mwingine wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa waraka wa kuihoji serikali ya Kenya. Gerezani akawa anatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatoka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Hayo si mambo ya kupambia kadi ya harusi.

"Ni mali ya Waislamu wa pwani." Hapa ndipo wengi hung'ang'ania, na hawakukosea chote: tendi kongwe tulizo nazo, yaani mashairi marefu ya masimulizi na mawaidha, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi zikitoka Pate na Lamu. Lakini Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, tena Mkatoliki. Aliuchukua utenzi, bahari (yaani aina ya ushairi) iliyolelewa na masheikh, akaisimulia Injili kwa utenzi huo, na hakuna kina kilicholalamika. Yeye ndiye aliyeipa nguvu ngonjera, ushairi wa kujibizana, iliyoenea mashuleni Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Waliosoma enzi hizo wanaikumbuka: wanafunzi wawili mbele ya mgeni rasmi, mmoja anabisha, mwenzake anamjibu beti kwa beti, mpaka mbishi anasalimu amri. Mbishi ndiye aliyekuwa akichekesha watu.

"Wanawake walikuwa wasikilizaji tu." Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Siti binti Saad, mfinyanzi kutoka Fumba, Unguja, alikwenda Bombay 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na nyimbo zake hazikuwaogopa mahakimu.

"Bila vina na mizani si shairi." Ugomvi huu uliwaka miaka ya 1970, mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mimi namkubali Kezilahabi. Ila anayekimbia mizani kwa kuwa hajui kuihesabu, huyo simo naye. Jaribu mshororo huu: "Nimekuja mlangoni, nifungulie jirani." Silabi nane kwa nane, na ile *m* ya mlangoni inahesabiwa peke yake.