Mchujo wa Urais Marekani: Dhana Potofu za Wanaobashiri na Ukweli Wake

Kila miaka minne, na mara nyingi mwaka mzima kabla ya kura ya kwanza kupigwa, watu huanza kubashiri ni nani atakayepeperusha bendera ya Chama cha Democratic au cha Republican katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Kubashiri si kosa, na kwa wanaopenda siasa ni njia nzuri ya kujifunza. Kinachosikitisha ni kwamba ubashiri mwingi husimama juu ya dhana ambazo historia ya mchujo wenyewe, yaani kura zinazopigwa jimbo kwa jimbo kumpata mgombea wa kila chama, imekwisha kuzikanusha.

Dhana: Anayeongoza katika tafiti za maoni za nchi nzima ndiye atakayeteuliwa.

Hakuna siku ambayo nchi nzima hupiga kura ya mchujo. Majimbo hupiga kura kwa zamu, tangu mwanzoni mwa mwaka hadi Juni, na matokeo ya jimbo moja huwabadilisha mawazo wapigakura wa jimbo linalofuata. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2007, Rudy Giuliani ndiye aliyeongoza tafiti za Republican. Hata hivyo hakuyatilia mkazo majimbo ya mwanzo, akaweka matumaini yake Florida. Kura za Florida zilipopigwa tarehe 29 Januari 2008 alishika nafasi ya tatu, na kesho yake akajitoa. Kufikia hapo John McCain, ambaye kampeni yake ilikuwa imekaribia kuishiwa fedha miezi michache kabla, alikuwa amekwisha kushinda New Hampshire na South Carolina.

Dhana: Aliyeshindwa Iowa na New Hampshire hana tena nafasi.

Kwa miaka mingi majimbo hayo mawili ndiyo yaliyotangulia kupiga kura. Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu huwapotosha hata wafuatiliaji makini. Wagombea wengi hujitoa baada ya majimbo hayo mawili, kwa kuwa wafadhili huwakimbia. Lakini Bill Clinton alishindwa kote kuwili mwaka 1992, na akateuliwa. Mwaka 2020 Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, na wengi walikwisha kumhesabu miongoni mwa walioshindwa. Walichosahau ni kwamba wapigakura Weusi, ambao ni nguzo ya Democratic, ni wachache sana katika majimbo hayo, ilhali South Carolina ni wengi mno. Tarehe 29 Februari Biden alishinda huko kwa takriban nusu ya kura zote. Kabla ya siku tatu kupita, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walikuwa wamejitoa na kumuunga mkono, na katika Jumanne Kuu ya tarehe 3 Machi, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, alishinda majimbo 10 kati ya 14. Kwa maoni yangu, swali la nani atajitoa lini, na wafuasi wake wataelekea kwa nani, lina uzito kuliko asilimia yoyote ya utafiti, na ndilo linaloulizwa kwa nadra zaidi.

Dhana: Ukishinda majimbo makubwa, umeshinda mchujo.

Kinachohesabiwa ni wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, ambao ndio humteua mgombea, na namna ya kuwagawa ndiyo kiini cha mambo. Democratic huwagawa kwa uwiano wa kura miongoni mwa wagombea waliofikisha asilimia 15. Kwa hiyo ushindi mwembamba katika jimbo kubwa huweza kuwa na faida ndogo kuliko ushindi mnono katika jimbo dogo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 5 Februari 2008: Hillary Clinton alishinda New Jersey na kupata wajumbe 59 dhidi ya 48 wa Barack Obama, pengo la 11; siku hiyohiyo Obama alipata wajumbe 15 dhidi ya 3 katika jimbo dogo la Idaho, pengo la 12.

Republican huruhusu majimbo kadhaa kumpa mshindi wajumbe wote. Ndivyo Donald Trump alivyopata wajumbe wote 50 wa South Carolina mwaka 2016 kwa takriban theluthi moja tu ya kura, huku wapinzani wake wakigawana zilizobaki. Anayebashiri vyama vyote viwili kwa kipimo kimoja hukosea tangu mwanzo.

Dhana: Fedha hununua uteuzi.

Fedha humwezesha mgombea kusikika, basi. Bilionea Michael Bloomberg, aliyewania uteuzi wa Democratic, alitumia zaidi ya dola milioni 500 mwaka 2020, akaongoza katika eneo moja pekee, American Samoa, visiwa vya Marekani katika Bahari ya Pasifiki.

Dhana: Wakubwa wa chama watamaliza mambo katika mkutano mkuu.

Mara ya mwisho mkutano mkuu wa chama kikubwa kuhitaji zaidi ya duru moja ya kura ilikuwa mwaka 1952, Democratic walipomteua Adlai Stevenson. Tangu mageuzi ya 2018, viongozi wa Democratic ambao ni wajumbe kwa vyeo vyao hawapigi kura katika duru ya kwanza iwapo uteuzi una ushindani. Hata hivyo wajumbe ndio wenye kauli ya mwisho kikanuni. Biden alipojitoa tarehe 21 Julai 2024, mchujo ukiwa umekwisha, wajumbe waliopatikana kwa jina lake ndio waliomteua Kamala Harris, makamu wake wa rais, kwa kura ya mtandaoni, kabla mkutano wa Chicago haujafunguliwa.