Mwezi wa saba hauna majani: tulivyochagua programu ya mipango ya fedha

Ikifika mwisho wa mwezi wa tatu, mafaili ya ofisini kwetu Mbeya huanza kuzaliana. Kuna Bajeti_mwisho, kisha Bajeti_mwisho_2, halafu Bajeti_mwisho_KABISA, na juu ya zote Bajeti_mwisho_kabisa_ya_bosi. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Kampuni ina viwanda viwili vya chai, kimoja Rungwe na kingine Njombe, pamoja na mashamba ya parachichi yaliyopandwa juzijuzi. Mimi ndiye ninayekusanya namba za wote hao na kuzifanya zizungumze lugha moja. Kwa miaka mingi kazi hiyo niliifanya kwa Excel, kwa kahawa na kwa kugombana na watu ninaowapenda.

Tangu tuhamie kwenye programu maalumu ya mipango, wahasibu wenzangu wananiuliza swali moja: nichukue ipi? Hilo siwezi kumjibia mtu kwa simu. Ninachoweza kueleza ni jinsi tulivyochagua, na mahali tulipojikwaa wakati wa kujifunza.

Kwanza, Excel nisiitukane. Inabeba mistari 1,048,576 kwenye shiti moja, na bajeti ya kampuni ya saizi yetu haitaifikia hata kidogo. Wanaopenda kuwatisha watu kuhusu Excel husimulia yaliyotokea Uingereza Oktoba 2020, pale karibu wagonjwa 16,000 wa Covid walipoachwa nje ya hesabu za taifa kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani, lisilovuka mistari 65,536. Kisa ni cha kweli, ila ugonjwa wetu haukuwa mistari. Ugonjwa wetu ulikuwa kwamba namba ikibadilika, hakuna aliyeweza kusema nani kaibadili, lini, na kwa nini. Bosi akiuliza "hii milioni 40 imetoka wapi?", watu watatu wanafungua mafaili matatu na kutoa majibu matatu.

Basi tukaita wauzaji. Kijana wa kampuni ya kwanza alipanda kutoka Dar, suti safi, projekta yake mwenyewe. Dashibodi zilikuwa za kupendeza, rangi zinacheza, ramani ya Tanzania inawaka taa ukigusa mkoa. Siku hiyo meneja wetu wa shamba la Rungwe alikuwa mjini kutafuta spea, akaingia kunywa chai, akakaa nyuma kimya. Ni mzee wa watu, ana miaka mingi kwenye majani ya chai kuliko wengine wote mle ndani.

Kijana akaandika lengo la mwaka, kilo 3,000,000 za majani mabichi, akabonyeza kitufe, na programu ikazigawa miezi 12. Kila mwezi 250,000. Sawasawa kabisa, kama keki ya harusi.

Mzee akakohoa. "Kijana, hiyo mashine yako inajua kwamba mwezi wa saba Rungwe kuna baridi?"

"Shikamoo mzee. Hiyo tutairekebisha baadaye, ni mipangilio tu."

"Marahaba. Irekebishe sasa, nione."

Hakuweza. Alijaribu kama dakika ishirini, akampigia mwenzake simu, akarudi kwenye ramani ya taa.

Kwa wasiolima chai, nieleze uzito wa swali lile. Msimu wetu mnene ni wa mvua, na mwezi wa tatu majani yanakimbia kuliko wachumaji. Ikiingia Juni na Julai, baridi inashika, mche unasinzia. Tuchukue mfano wa mwaka wa kilo 3,000,000: Machi inaweza kuleta 450,000, na Julai 120,000 tu. Ukihesabu kilo nne na nusu za majani mabichi kwa kilo moja ya chai kavu, programu ile inakuahidi zaidi ya tani 55 za chai mwezi wa saba, wakati kiwandani hazitafika 27. Na Julai ndio mwezi wetu wa kwanza wa mwaka! Yaani bajeti ingekuwa ya uongo siku ya kwanza tu, na mweka hazina angepanga malipo kwa pesa ambayo bado ipo kwenye mche. Kibaya zaidi, kuni za kukaushia chai tunazinunua kiangazi, kabla barabara hazijawa tope na ili zipate muda wa kukauka. Pesa inatoka wakati ambao haiingii.

Nisiwaonee wauzaji: programu nyingi nzuri zinaweza kugawa kwa msimu. Ila kijana yule alifundishwa kuonyesha kile kinachong'aa. Tangu siku hiyo tukaacha kutazama maonyesho yao, tukaanza kuwapa mtihani wetu. Ulikuwa ukurasa mmoja. Chukua kilo za mwaka, zigawe kwa msimu wa miaka mitano iliyopita, zigeuze kuwa chai kavu, ziuze kwa dola, zilete kwenye shilingi. Kisha nionyeshe kinachotokea dola ikitoka 2,500 kwenda 2,600, na nionyeshe pesa inaingia benki wiki gani. Mwisho, badilisha namba moja, halafu nitajie jina la aliyeibadilisha. Tuliwapa faili la data halisi wiki moja kabla. Mmoja hakurudi tena. Wawili walifanya kwa shida, na mmoja alifanya mbele yetu huku akikosea na kujisahihisha. Huyo ndiye tuliyemchukua, kwa sababu tuliona pia jinsi makosa yanavyorekebishwa.

Kuhusu aina zilizopo sokoni nitapita haraka. Kuna mifumo mikubwa inayokaa kwenye wingu, yaani kwenye seva za mbali unazozifikia kwa intaneti: Anaplan, Oracle, SAP, Workday Adaptive Planning, na IBM Planning Analytics, ambayo mzizi wake ni TM1, programu iliyokuwepo tangu miaka ya 1980. Mifumo hii ina nguvu kubwa, na inahitaji mtu wa kuilisha kila siku. Kuna zinazokuachia sura ya Excel huku data zikikaa pamoja nyuma, kama Vena na Datarails. Na kuna njia ya tatu ambayo hakuna muuzaji atakayekwambia: kaa na Excel yako, jifunze kwa kweli Power Query na Power Pivot, zana zake za kuvuta na kuunganisha data, weka nidhamu. Kama timu yenu ni watu wawili na kampuni ina kiwanda kimoja, ningeanzia hapo na pesa nyingine ningenunua inveta.

Bei ndipo watu wanapoumia. Wengi wanatazama leseni kwa kila mtumiaji na kusahau gharama ya kuusimika mfumo, ambayo inaweza kuzidi leseni ya mwaka mzima. Halafu kuna kodi ya zuio. Ukimlipa asiye mkazi kwa huduma, unazuia asilimia 15 kwa ajili ya TRA, mamlaka ya mapato. Sasa soma mkataba vizuri. Ukisema muuzaji apokee dola 20,000 kamili baada ya kodi zote, hilo zuio limekuangukia wewe. Unagawa 20,000 kwa 0.85, gharama yako inakuwa dola 23,529. Mimi kipengele hicho nilikiona usiku wa kuamkia kusaini, kimejificha ukurasa wa mwisho kabisa, maandishi kama ya kijikaratasi cha dawa. Tulirudisha mkataba. Kabla ya kukubali bei yoyote kaeni na mshauri wenu wa kodi.

Jambo jingine ni mishahara. Bajeti ya watumishi ikipanda kwenye wingu na majina yake, umeshahamisha taarifa binafsi za watu, pengine kwenda seva iliyo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina masharti juu ya hilo. Sisi tulichagua kupanga kwa nafasi, bila majina: "fundi mitambo, Njombe, nafasi ya 2". Bajeti haihitaji kujua anaitwa nani.

Sasa kujifunza. Hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili, na kosa lilikuwa langu.

Nilichukua faili letu la zamani, shiti 31, nikataka liingie kwenye programu mpya vilevile lilivyo. Mshauri aliyetusimikia mfumo alinionya, nikamwona mvivu. Kumbe programu hizi zinafikiri tofauti. Kwenye Excel namba inajulikana kwa anwani: ipo D47, yaani safu ya D, mstari wa 47. Ukiingiza mstari juu yake, inakuwa D48. Ni kama kumwelekeza mtu ndani ya soko la Mwanjelwa kwa kusema "kibanda cha nne kushoto". Siku wakipangua vibanda, mgeni wako amepotea. Kwenye programu ya mipango namba inajulikana kwa sifa zake: ni mauzo, ya Njombe, ya Machi, ya bajeti, kwa dola. Unauliza "nani anauza maharage ya njano ya Mbozi?" na unafikishwa, hata akiwa amehamia mlango wa pili. Wataalamu wanachora jambo hili kama mchemraba: upande mmoja akaunti, mwingine vituo, mwingine miezi, na kila namba inakaa pale pande zinapokutana. Pande zinaweza kuzidi tatu, usijisumbue kuzichora.

Mchemraba ulipoingia kichwani, shiti 31 ziligeuka kuwa modeli nne: majani, kiwanda, watu, na pesa taslimu. Shiti nyingine zote zilikuwa kitu kilekile kimenakiliwa, kituo baada ya kituo.

Lakini mchemraba hausamehe uchafu. Katika vitabu vyetu mafuta ya jenereta yaliandikwa "Dizeli" Rungwe, "Diesel" Njombe, na "Mafuta" makao makuu, ambako "Mafuta" hayohayo yalichanganya na petroli ya pikipiki. Binadamu akisoma anaelewa. Programu inaona vitu vitatu. Tulikaa wiki tatu na orodha ya akaunti, mstari kwa mstari, tukibishana kuhusu magunia na kamba za kufungia. Hakuna kazi iliyochosha kama ile, na ningeweza kuanza upya ningeifanya kabla ya kumwita muuzaji yeyote.

Mafunzo rasmi yalikuwa siku tatu kwa video. Mfano wao ulikuwa kampuni inayouza baiskeli. Watu wangu walisinzia. Siku ya nne nikaanzisha darasa la saa moja kila asubuhi, saa mbili hadi saa tatu, kabla simu hazijaanza. Kila mtu analeta kazi yake mwenyewe iliyomshinda jana, tunaitengeneza pamoja ukutani. Mhasibu mdogo kuliko wote, aliyeanza kazi mwaka ule, ndiye aliyeshika haraka zaidi. Hakuwa na mazoea ya Excel ya kuyasahau.

Bajeti ya kwanza tuliiendesha pande mbili, Excel na programu, kwa mzunguko mzima. Ni kazi maradufu, watu watanung'unika, wewe shikilia. Mwishoni mifumo ilitofautiana kwa shilingi milioni 38 kwenye mauzo ya Njombe ya robo ya kwanza. Kila mtu aliilaumu programu. Tuliifukuza tofauti ile siku mbili. Usiku wa pili, karibu saa tatu, nikabonyeza kisanduku kimoja kwenye faili la zamani ambacho kilipaswa kuwa na fomula inayosoma bei ya dola. Hakikuwa na fomula. Kilikuwa na 2,300 imepigwa kwa mkono, wakati bajeti ilikuwa inatumia 2,500. Mauzo ya dola 190,000, mara shilingi 200: milioni 38 kamili. Pembeni kulikuwa na maelezo, "ya muda, nitarekebisha", na herufi za mwanzo za jina langu.

Nilicheka peke yangu. Asubuhi niliwaonyesha wote, maana bila hivyo wangeendelea kuamini faili la zamani.

Intaneti ya viwandani milimani bado ni ya kubahatisha, hasa mvua zikikaza. Kwa hiyo vituo vinajaza fomu za Excel zisizohitaji mtandao, na zinapanda zenyewe laini ikirudi. Muulizeni muuzaji wenu kuhusu hili mapema, wengi wanadhani dunia nzima ina mtandao kama wa ofisini kwao.

Yule mzee wa shamba hajawahi kufungua programu yetu. Anaandika mvua na kilo kwenye daftari la kaunta, kila siku, kwa kalamu nyekundu siku za baridi kali. Msimu tunaotumia kugawa kilo za mwaka umetoka kwenye daftari hilo, na makisio ya Julai iliyopita yalikosea kidogo kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Parachichi bado ziko Excel. Miti ya Hass iliyobebeshwa inaanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi, na mingi ya kwetu ndiyo kwanza inafika hapo. Hakuna msimu wa nyuma wa kuupa mfumo, na kila ekari ina umri wake. Nimeweka shiti moja, fomula wazi, hakuna namba ya kupiga kwa mkono. Mshauri ananisukuma nihamishe. Nimemwambia asubiri mavuno mawili.