Nadezhda Alliluyeva hakuwa pambo la Kremlin
Wengi humdhania Nadezhda Alliluyeva, mke wa pili wa Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, kuwa mama wa nyumbani aliyestarehe tu kwa madaraka ya mumewe. Sivyo. Aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya Lenin, mtangulizi wa Stalin, na mwaka 1929 akajiunga na Chuo cha Viwanda, Moscow, akienda masomoni kwa tramu na kutumia jina lake la ukoo, hata baadhi ya wanafunzi wenzake wasijue ni mke wa nani. Mmoja wao, Nikita Khrushchev, aliyekuja kuongoza nchi hiyo baada ya Stalin, baadaye alikiri kwamba Nadezhda ndiye aliyemsifu mbele ya Stalin. Nadezhda alijiua Novemba 1932, akiwa na miaka 31. Watoto wakaambiwa ni kidole tumbo, uongo ambao, nionavyo, ulimfuta kuliko kifo chenyewe. Bintiye Svetlana aliujua ukweli takriban miaka 10 baadaye, katika jarida la Kiingereza.